Nawajua kwa Mikono

Nyuso zenu sizijui.
Miwani hii niliyopewa na chuo, nzito kama deni,
hainioneshi nyuso. Inanionesha meza
na mikono iliyo juu ya meza:
Ibra, Samaili, Bidiya, Mudhaibi,
meza kumi na moja zimelaliana ndani ya maabara yangu hapa Al-Khoudh
kama mikeka baada ya hitima.

Wa Bidiya ana hina iliyofifia hadi rangi ya chai.
Wa Samaili hutafuna kucha; kidole gumba kinakaribia kwisha.
Mmoja, sisemi wa wapi, huandika majibu kiganjani
akidhani miwani hutazama mbele tu.

Nanyi mnauona mkono wangu peke yake,
wa rangi ya maji, umekatika kwenye kiwiko,
unaelea juu ya chupa ya kahawa na sahani ya tende.
"Fuatisheni," nasema. "Tieni mikono yenu ndani ya wangu
kama mnavaa glavu."
Na mikono kumi na moja inanivaa.
Sihisi kitu. Hata joto.

Tunafungua bureti isiyokuwapo.
Tone. Tone. Alikali ya nuru
inadondokea tindikali ya nuru,
na mdogo wa mtu, kule Ibra, anapita katikati ya vyote
anatafuta rimoti.
Ingekuwa kioo cha kweli ningepiga ukelele.
Tukacheka, tukaanza upya.
Huko hakuna kinachovunjika,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nina ada, sijui niliitoa wapi:
kabla ya kusoma kipimo nagonga kioo kwa ukucha,
mara mbili. Ti, ti.
Haimo kwenye mtaala. Labda hufukuza kiputo,
labda ni ushirikina tu wa mtu aliyeishi sana na vioo.
Kwenye miwani hugonga hewa. Hakuna sauti.
Sikuwahi kuwaeleza, wala hamkuuliza.

Mwezi wa nne, basi likawaleta.
Nikasimama mlangoni kama mgeni wa harusi
asiyemjua bibi wala bwana harusi.
Shinuna. Muhanna. Thurayya. Zahran.
Majina nayajua; nyuso zinapita, nyuso za watu wazima kuliko sauti zao.
Nikashusha macho kwenye mikono,
pale ninapowajua,
na hapo hapo wakavaa glavu, kanuni ya maabara,
kanuni niliyoibandika ukutani mwenyewe.
Nikawapoteza wote.

Thurayya alifungua chupa ya amonia, akarudi nyuma, machozi tele:
"Kumbe inanuka, mwalimu!"
Miezi saba nimemfundisha amonia.
Shinuna alikosa kufunga bomba kwa wakati,
flaski yake ikapita waridi changa, ikawa nyekundu ya zulia.
Akaniangalia kama niliyemdanganya.
"Kule ilikuwa inasimama yenyewe."
"Kule, ndiyo. Hapa usipofunga wewe, haifungi."
Akamwaga, akaosha, akaanza tena,
polepole safari hii, mdomo umekaza.

Halafu Muhanna akaangusha flaski.
Mlio ule! Wote waliganda,
mikono juu, kama waliokamatwa.
Hawakuwahi kuusikia katika somo langu.
Nikainama kuokota vigae.

Nilikuwa bado chini ya meza
ulipofika wakati wa kusoma vipimo.
Nikasikia, juu ya kichwa changu,
vidole vya mpira kwenye kioo,
sauti butu, kama mvua inayosita kunyesha:
tu, tu. Kushoto. Tu, tu. Dirishani.
Tu, tu, tu, tu, wawili kwa pamoja.
Nilihesabu hadi kumi,
na wa kumi na moja, aliyechelewa.

Msimamizi kutoka wizarani akainua kalamu:
"Hiyo ya kugonga, mmefunzwa na nani?"
Wakatazamana. Hawakuwa na jibu,
hata yule wa kiganjani.

Nami sikuinuka upesi.
Kulikuwa na kigae kimoja kidogo, chini ya kabati,
bado sijakifikia.